Mvua Iliyochongwa Wakati wa Theluji

Kwako dada yangu Oshige,

Nisamehe, dada, kwa kukaa kimya namna hii. Matunda makavu na unga wa mtama uliotuma wakati wa vuli vilifika salama, hata yule mwenye farasi safari hii hakudokoa, na mimi mpaka leo sijakuandikia neno la asante. Si kwamba nilisahau. Mara kadhaa nilisaga wino, nikaandika kwamba sisi huku hatujambo, nikayatazama maneno hayo, kisha nikaikunja karatasi na kuwashia jiko. Wewe ndiye uliyenilea baada ya mama, na hukunilea nikuongopee. Basi nikaona heri kimya.

Habari za huko milimani? Kifua cha baba kinamwachia alale? Nimesikia njia ya juu ilifungwa na theluji hadi baada ya mwaka mpya, nikawa nawawazia mlivyobanana kwenye moto na mbuzi wa jirani akilia. Mimi mzima, ila nimechoka kiasi kwamba juzi nilisinzia nikiwa nimesimama foleni kisimani, wanawake wakanicheka, wakasema mke wa mchongaji naye amegeuka ubao. Masuji ameota meno mawili ya chini na anauma kila kitu, na mimi ndiye wa kwanza. Mama mkwe hajambo, na ulimi wake hajambo zaidi. Mwenye tatizo ni binti yangu Ofuki. Ni macho yake, dada. Hiyo ndiyo habari ya barua hii, na nakuomba uisome peke yako kwanza kabla hujamsomea baba.

Unakumbuka nilikueleza kwamba mchapishaji Bwana Mozaemon alimpa mume wangu Isaburo kazi ya kuchonga picha nne za mji huu wa Edo, kila msimu na picha yake. Ya majira ya maua ilikuwa kile kilima ambako watu huenda kulewa chini ya micheri. Ya vuli ilikuwa mwezi juu ya mto. Ya baridi ilikuwa theluji kwenye mapaa ya soko la samaki. Ya mwisho ni ya kiangazi, daraja letu hili la mtaani likipigwa na mvua, watu wanakimbia wamejifunika mikeka. Kazi yenyewe haifuati majira. Theluji aliichonga nyenze wakipiga kelele na jasho likimdondokea ubaoni, na mvua ya kiangazi akapewa aichonge sasa, sisi tukiwa tumejikunyata kwenye makaa, ili picha iwe dukani watu watakapoanza kutafuta miavuli.

Hakuna kazi ngumu kama mvua. Ule mchoro wa mchoraji hubandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, mchongaji akakata karatasi na mti pamoja, na mchoro ukaishia humo humo. Ukikosea huna mwingine wa kutazamia. Na kila uzi wa mvua ni ukuta mwembamba wa mti unaoachwa umesimama, umekatwa huku na huku, mwembamba kama unywele, tena umelala mshazari kutoka juu mpaka chini ya picha. Mkono ukitetemeka uzi unavunjika, na uzi uliovunjika katika mvua unaonekana hata na kipofu. Tatsugoro, yule mchongaji rafiki yake Isaburo anayekuja kwetu kuota moto na kumaliza chai yetu, husema kwamba mchoraji huichora mvua kwa pumzi moja, kisha anakwenda kunywa, halafu sisi wengine tunaichonga kwa uti wa mgongo.

Lakini Isaburo aliitaka. Bwana Mozaemon alimwahidi kwamba mvua ikitoka safi, jina lake litachapwa pembeni mwa picha, dogo, chini ya jina la mchoraji. Nadhani unaelewa maana yake. Amekata kuta na mawimbi na nywele za wanawake wa watu tangu utotoni, na hakuna hata mtu mmoja nje ya mitaa hii anayejua kwamba yupo. Siku aliyoahidiwa alirudi nyumbani, akambeba Masuji, akaandika jina lake kwa kidole mgongoni mwa mtoto. Nilimwona. Sikucheka.

Sasa, macho yake yeye mwenyewe yalianza kuingia ukungu tangu ile picha ya mwezi. Alisema ni moshi wa taa. Akasogeza karibu lile tungi la kioo lenye maji wanaloliweka mbele ya taa ili mwanga ukusanyike. Halafu akasogea yeye, mpaka pua ikawa inagusa mti. Siku moja nikamkuta anapapasa ubao kwa kidole gumba kama mtu anayetafuta kiroboto kwenye mkeka. Nikamuuliza, Baba Ofuki, vipi? Akaniambia nishike mambo ya jikoni.

Ofuki ndiye aliyemwokoa. Unamjua alivyo, ana miaka minane lakini haachi jambo. Alikaa ubavuni mwa baba yake, akainamisha shavu mpaka kwenye ubao, akachukua kijiti cha mwanzi na kuanza kumwonyesha mstari ulipo, kijiti kikitangulia na kisu kikifuata nyuma. Nilikuwa nawasikia kutoka jikoni, hapa baba, shuka, shuka, simama, umegusa ukingo, rudi. Naye akimwitikia kama anavyomwitikia bwana wake, ndiyo mkubwa, nimesikia mkubwa, na mtoto anacheka mpaka anapaliwa. Kwa siku za mwanzo moyo wangu ulijaa, sikufichi. Alimnunulia peremende, akamwita fundi. Theluji yote ya kwenye mapaa ya soko la samaki, dada, ile ambayo watu wameinunua na kuibandika ukutani, ni mkono wa baba na jicho la binti.

Mama mkwe alifurahi kuliko wote. Alisema angalau sasa mtoto wa kike amepata kazi ya maana, maana binti ni mgeni, leo yupo kesho anakula wali wa watu wengine, basi na alipe wali wetu kabla hajaondoka. Nikasema mtoto hajamaliza hata kula huo wali. Akanijibu kwamba sisi watu wa milimani tunazaliwa na mundu mdomoni.

Mvua ilipoanza ndipo mambo yalipobadilika. Theluji ni nafasi nyeupe tu, unaikata unaondoka. Mvua haina nafasi. Walikuwa wanakaa pale tangu mwanga wa asubuhi mpaka taa ya jioni, na taa yetu ni ya mafuta ya dagaa, moshi wake unauma hata mtu mzima. Vumbi la mti linaruka, na mtoto hafumbi macho kwa kuogopa kupoteza uzi. Yakaanza kuwa mekundu. Asubuhi nikawa nayafungua kwa kitambaa cha maji moto kwa sababu yamegandana. Nikamwambia apumzike, akasema mama, nikipumzika baba atakosea, utamlaumu nani?

Nikaanza kumchunguza. Nikimuuliza jambo, alijibu haraka na kwa uchangamfu, kama mtoto aliyekariri somo. Nani yule kisimani, Ofuki? Shangazi wa dukani kwa tofu. Na kweli saa hiyo ni ya shangazi wa tofu kuchota maji. Paka yuko wapi? Juu ya pipa. Paka hukaa juu ya pipa kila siku. Nikajitia moyo. Mpaka asubuhi moja, Masuji yuko mgongoni na mimi nakoroga supu, nikamuuliza bila kuwaza kama theluji bado inaanguka nje. Ofuki alikuwa amekaa dirishani, dirisha limefunguliwa, uso wake umeelekea nje. Akanyoosha mkono nje, akausubirisha kidogo, kisha akasema ndiyo mama, bado inaanguka.

Sufuria ilichemka ikamwagika.

Nilimbeba mmoja mgongoni na mwingine nikamshika mkono mpaka kwa tabibu wa macho upande wa pili wa mto. Mzee mkali, hana salamu. Alimgeuza kope, akanusa, akaniuliza kama huyu mtoto analala ndani ya bomba la moshi. Akasema uvimbe umeshaingia ndani, ila hajaona kidonda kwenye mboni yenyewe, bado. Kama atafungwa macho sasa hivi, akae gizani, asafishwe kila siku, anaweza kuona tena vizuri, hakuahidi. Akirudi kwenye taa na vumbi, basi, akasema, umtafutie mwalimu wa kupiga zeze, maana ndiyo kazi ya vipofu. Alisema mbele ya mtoto hivyo hivyo.

Nilimweleza Isaburo. Nilimweleza kwa upole, akiwa ameshiba. Alishtuka, usidhani hakushtuka, alimpakata Ofuki akampuliza macho kama anavyompuliza Masuji akijigonga. Halafu akasema mvua imebaki kidogo, upande wa kushoto tu na ile pembe ya juu, na mvua ikiisha atamfunga macho yeye mwenyewe na hatamgusisha ubao tena maisha yake. Nikamwambia tabibu amesema sasa. Akasema tabibu hajui mvua. Siku ya pili nikasema tena, akaniomba, dada, aliniomba kwa sauti ya mtu anayezama. Siku ya tatu nikasema tena mbele ya mama yake, kosa langu, maana mama mkwe aliingilia akasema mwanamke mwenye akili husubiri mume amalize ndipo afungue mdomo. Nilipomficha Ofuki nyuma ya pazia, mwenyewe alitoka akapapasa ukuta mpaka kwa baba yake, akaokota kijiti.

Kisha wakaja kuuchukua ubao.

Alikuja karani wa Bwana Mozaemon na mbebaji mmoja, wamevua viatu kwa adabu zote, wakasema bwana amesikia kwamba macho ya fundi hayako sawa, na kazi ya mvua haiwezi kukaa kwenye nyumba yenye mashaka. Wakaufunga ubao kwenye kitambaa cha bluu, mvua yenyewe ikiwa bado pembe moja, wakainama, wakaondoka nao. Isaburo alibaki amekaa palepale mbele ya meza tupu, kisu kikiwa bado mkononi. Ofuki ndiye aliyelia. Alisema, baba, tulibakiza pembe moja tu, waambie, pembe moja tu.

Jioni ikajulikana kwamba kazi amepewa Tatsugoro aimalizie, na jina pembeni litakuwa la Tatsugoro. Basi Isaburo akajua nani amemchongea. Nani mwingine? Nani aliyekuwa anakaa kwenye moto wetu kila siku akiona kila kitu? Tatsugoro alipokuja, akiwa na chupa ya pombe ya sake na uso wa msiba, Isaburo alimmwagia majivu ya jiko mlangoni. Akamwita panya, akamwita mla mabaki ya marehemu. Tatsugoro, mtu wa kelele yule, safari hii hakutania. Aliniangalia mimi tu, akasema, shemeji, nawatakia jioni njema, akaondoka na majivu kichwani. Mtaa mzima ulikuwa milangoni. Mama mkwe aliwaambia wote kwamba urafiki wa watu wa mjini ni kama choo cha shirika, kila mtu anakitumia na hakuna anayekiosha.

Sasa nakuambia lile ambalo sikuweza kuliandika zile mara nyingine. Si Tatsugoro. Ni mimi.

Nilikwenda kwa Bwana Mozaemon asubuhi ile baada ya Ofuki kuokota kijiti. Nilimfunga Masuji mgongoni, nikapita mlango wa nyuma wa duka, wapigachapa wakanitania kwamba picha za waigizaji wazuri zimekwisha, mama, umechelewa. Bwana mwenyewe alidhani nimekuja kuomba malipo ya mapema, akaanza kukunja uso. Nikamwambia sitaki hela. Nikamwambia, bwana mkubwa, mume wangu haoni, anayeona ni binti yangu wa miaka minane, na yeye naye sasa anaacha kuona. Ikiwa mvua yako ni lazima imalizike, chukua ubao ukamalizie kwingine. Alicheka kwanza. Akauliza, hata ile theluji? Nikasema hata ile theluji. Akaacha kucheka, akakaa anajipepea kwa upepeo wake katikati ya baridi. Mwishoni aliniambia kwamba nimeshasema, naye hawezi kujifanya hajasikia, na je, najua kwamba baada ya leo hakuna mchapishaji wa Edo atakayempa Isaburo kazi ya mistari? Nikasema najua. Na nilikuwa najua, dada. Nilijua nikiwa njiani, nilijua daraja lilipokuwa chini ya miguu yangu, na sikugeuka.

Wala sijutii. Ninachoshindwa kukimeza ni Tatsugoro kubeba majivu yangu. Kwa hiyo juzi, mchana, mama mkwe akiwa kwa jirani, nilikaa mbele ya Isaburo, nikainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, nikamwambia. Alichokonoa makaa mpaka yakawa meupe. Akasema, umenizika nikiwa hai mbele ya watu. Nikasema ndiyo. Akasema, ungeniambia. Nikasema nilikuambia, Baba Ofuki, siku tatu mfululizo, ukaniambia mvua ikiisha. Akauliza kama kungekuwa na njia nyingine. Nikasema pengine ilikuwepo, lakini mimi nina mtoto anayenyoosha mkono nje ili ajue kama kuna theluji, na sikuwa na muda wa kuitafuta. Hapo ndipo alipofunika uso.

Sikujua kwamba Ofuki alikuwa macho nyuma ya vitambaa nilivyomfunga ubao ulipoondoka. Alisikia yote.

Jana Isaburo alivaa koti lake la heshima, akaenda kwa Tatsugoro, akapapasa njia kwa fimbo mchana kweupe, jambo ambalo hajawahi kukubali. Sijui walisemezana nini. Alirudi na ubao wa rangi begani, maana kila rangi ina ubao wake, ule wa maji ya mto wa picha ileile, kazi ya kuondoa mti usiotakiwa, kazi wanayopewa wanagenzi wanaoanza. Haihitaji macho sana, mtu anaweza kuifanya kwa vidole. Sasa yuko kwenye meza yake anakwangua mto chini ya mvua ya mwenzake. Nasikia patasi inavyokwenda, polepole. Na mimi hanisemeshi. Akitaka kitu anapitia kwa mtoto, Ofuki, mwambie mama yako chai imepoa. Na Ofuki ananiambia chai imepoa, kwa sauti ile ile ya baba yake, uso umeelekea pengine. Nikitaka kumsafisha macho anakunja mdomo na kunyoosha shingo kama anapelekwa kunyongwa. Hataki nimshike mkono kwenda chooni, anafuata ukuta. Na aufuate tu. Akiniona tena vizuri siku moja, na anichukie kwa macho mawili mazima, nitashukuru.

Tabibu anasema tusubiri mpaka micheri ichanue, ndipo atafungua vitambaa na kutazama. Mume wangu hanitupi, wala simtupi, usije ukamwambia baba kwamba narudi nyumbani. Usije pia wewe, na magoti yako hayo na njia bado ina barafu. Ila mtoto akikataa kula kwa mkono wangu zaidi ya hivi nitakuomba uje, na hapo sitakuandikia barua ndefu.

Msalimie baba, umwambie Masuji ana masikio yake. Wasalimie watoto wako wote na shemeji, na yule bibi wa kinu cha maji kama bado anahesabu pumzi. Niombeeni kwa mungu wa huko mlimani, maana wa huku sijui kama anamjua Ofuki. Ni mimi mdogo wako, niliyekuchosha tangu utoto na bado nakuchosha,

Oritsu, nyuma ya mtaa wa wauza mbao

Mwenye farasi akipita tena, naomba unitumie hivi, na si zaidi, usijinyime:

Magome ya ule mti ambao watu wa kwetu huchemsha na kuoshea macho, yaliyokaushwa kivulini, mengi kadiri utakavyopata. Huku wanauza feki.

Pamba laini ya hariri iliyobaki kwenye kusokota nyuzi, hata iliyochafuka, nitaifua mwenyewe. Vitambaa vyangu vinamkwaruza.

Nguo zako kuukuu za kulalia, au nguo yoyote ya pamba iliyochakaa, kwa ajili ya Masuji.

Unga wa mtama, lakini kidogo.

Kitambaa cheusi cha kuziba dirisha la upande wa mashariki.

Na mifuko midogo ya kurusha ya kuchezea, ile unayoshona ukaijaza maharage mekundu. Shona mipya, dada, usitume ya zamani iliyolegea. Jaza maharage hadi itoe sauti ya kutosha, ili akiirusha juu asikie inaporudi.